Chane Saba za Mama Eliudi

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na ombi. Kitenge nimeshashona, saa inakwenda dakika nne mbele, na ombi ndilo ninalolijibu hapa. Mlitaka niwaandikie jinsi jiko la chuo lilivyoweza kula vya mlimani miaka yote ile, ili ninyi mliobaki stoo mwendeleze. Nitaandika. Lakini mjue tangu mwanzo, msije mkasema nimewauzia gunia bila kulifungua: kihamba kilichotulisha ndizi, lile shamba la nyumbani la Mama Eliudi juu ya Himo, hakipo tena, na mkono wangu umo katika kufa kwake. Vyeo na mshahara naviruka. Vyote viwili vilikuwa vifupi.

Mimi ni mtoto wa Moshi mjini. Baba alikuwa fundi cherehani, mama akiuza vitumbua, na mimi nilijua kupatana kabla sijajua kusoma. Hiyo ndiyo sifa iliyonipeleka stoo. Matroni aliyenipokea alikuwa mama mrefu, mwenye sauti ya chini, na siku ya kwanza hakunionyesha ofisi. Alinipeleka uani nyuma ya jiko, akaelekeza kidole mlimani, siku hiyo kulikuwa na mawingu hata sikuona kitu, akasema kinachoweza kuota kule kisinunuliwe kutoka kwingine. Ndizi, maharage, mboga ya mnafu, maziwa, kahawa. Mchele na chumvi alituruhusu. Nikauliza kama kuna karatasi yenye kanuni hiyo. Akasema karatasi ni mimi.

Mwalimu wangu wa kweli alikuwa mpishi mkuu, Mzee Athumani, ambaye hata shikamoo aliipokea akiwa anamenya. Wiki ya kwanza nilinunua mikungu kumi na miwili sokoni kwa kupatana hasa, nikaingia nayo getini kama bibi harusi. Mzee Athumani akaizunguka mara moja. Akaniambia nimepata bei nzuri ya chakula cha mbuzi. Nilikuwa nimechanganya mshare wa kupika na ndizi za kuivisha na nyingine za kutengenezea pombe ya mbege, na kwangu mimi zote zilikuwa kijani.

Akanifundisha. Ndizi ya mtori, ile supu nzito ya ndizi, unaikwaruza kwa ukucha karibu na kikonyo. Utomvu ukitoka upesi na kunata, imekatwa leo au jana. Ukitoka kama maji, imelala njiani. Kata kipande cha kikonyo cha mkungu chenyewe, utazame moyo wake: mweupe ni sawa, wa kahawia umesafiri. Paka mikono mafuta kabla ya kumenya, la sivyo utakwenda kuolewa na vidole vyeusi. Nilimjibu nimeshaolewa. Akasema basi utakwenda kuachwa navyo. Nikaachwa kweli miaka sita baadaye, ila kwa sababu nyingine.

Ni yeye aliyenipeleka kwa Mama Eliudi. Mama huyo alikuwa mjane Mlutheri, amenizidi miaka michache, na kihamba chake kilishuka kutoka barabara ya vumbi hadi kwenye mfongo, ule mfereji wa maji ambao babu wa mumewe alikuwa miongoni mwa waliouchimba. Juu miti ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na mnafu, na nyuma ya nyumba ng'ombe wawili wasiotoka bandani. Mimi wa mjini niliona msitu. Mzee Athumani akaniambia hiyo ni stoo, tena imepangwa vizuri kuliko yangu.

Tukapatana naye chini ya migomba kwa saa nzima, hadi Mzee Athumani akalala kwenye gogo. Nilitaka mkungu wa kumi uwe nyongeza. Alitaka wa ishirini. Tukakutana kumi na tano. Mama Eliudi akasema mimi nikifika ahera nitamwomba malaika nyongeza ya siku mbili nirudi kuchukua kapu langu. Tukaelewana tangu siku hiyo.

Kwa miaka mingi mpango wetu ulikwenda hivi. Jumatatu na Alhamisi pikapu ya jirani yake ilishusha mikungu getini, mimi nahesabu, halafu nahesabu tena. Pikapu ikirudi ilibeba maganda yote ya jikoni kwenye magunia. Ng'ombe wakala maganda, samadi ikarudi kwenye migomba, migomba ikarudi kwetu. Hakuna aliyetufundisha hayo kwenye semina. Mnafu ulikuja umefungwa kwa kamba ya mgomba, maziwa kwenye madumu yaliyorudi yakiwa yameoshwa, na mimi mwenyewe sijawahi kubeba mfuko wa plastiki hata kabla haujapigwa marufuku, kwa sababu kapu la ukindu likichoka unalishona na mfuko ukichanika ndiyo basi.

Kanuni ya chane saba niliitunga mwenyewe. Mtu mmoja wa sokoni aliwahi kuniletea mikungu myembamba iliyofichwa katikati ya minene, nami nikaapa. Kuanzia siku hiyo mkungu usio na chane saba ulirudi ulikotoka, awe ameuleta nani. Nilijivunia sana kanuni hiyo. Ilikuwa rahisi, haibishaniwi, unahesabu tu vichane vya ndizi kutoka juu hadi chini: moja, mbili, hadi saba. Matroni akasifu. Mzee Athumani hakusifu. Alisema mgomba hausomi kanuni. Nikamwambia mgomba hausomi lakini muuzaji anasoma.

Mzee Athumani alistaafu, akafariki. Matroni akahamishwa. Wakaja wengine, na baada yao ikaja kamati ya mazingira. Mtakumbuka lile bango kubwa ukutani kwenye ukumbi wa chakula, TUNAKULA VYA KWETU, lenye picha ya mlima na mkungu wa ndizi. Wageni waliletwa kulitazama. Mimi nilisimama chini yake na koti jeupe, nikaulizwa ndizi hizi zimesafiri umbali gani, nikajibu kilomita thelathini na kidogo, na nilizihesabu mara mbili kwenye mawe ya barabarani. Wakaandika. Wakanywa maji ya chupa, wakaacha chupa mezani, wakaondoka.

Huko juu, mambo yalikuwa yameshaanza kuharibika, na niliambiwa. Hili nataka mlisome polepole. Niliambiwa. Mvua zilianza kuja zinapotaka. Mfongo ulibaki na maji siku mbili kwa wiki, kisha siku moja, kisha watu wakawa wanakaa zamu kuulinda. Majirani walikata miti ya kivuli wakajenga. Migomba ya Mama Eliudi ikapata ugonjwa unaogeuza majani kuwa ya njano kuanzia pembeni, na mikungu ikaanza kuja na chane sita, tano. Alinieleza hayo getini, akiwa amesimama na leso mkononi, kwamba migomba inaumwa, kwamba nimvumilie misimu miwili aipumzishe ardhi na kupanda miche mipya. Nami, mbele ya mlinzi, kwa kuwa mlinzi alikuwa mcheshi na alipenda mizaha yangu, nikamuuliza kama migomba hiyo imeleta cheti cha daktari.

Mlinzi akacheka. Nikarudisha mikungu tisa.

Wiki iliyofuata alileta mikungu mizuri, minene, yote chane saba na mingine nane. Nikamwambia unaona, ukibanwa unaweza. Na kuanzia hapo hapakuwa na shida kabisa. Mikungu ikaja Jumatatu na Alhamisi, saba, saba, nane, saba. Mpishi aliyemrithi Mzee Athumani, dada Anasia, alinijia mara mbili kusema mtori hauwi mzito, ndizi zinachelewa kuiva na zinageuka rangi sufuriani. Nikamwambia aongeze moto. Siku nyingine Mama Eliudi akasema asipewe maganda, ng'ombe wanaharisha. Kisha hakuyachukua tena. Maganda yakaanza kwenda kwenye gari la taka, na mimi nikaandika tu, magunia matatu, magunia matatu. Ukucha wangu haukuwa umekwaruza ndizi kwa muda mrefu. Nilikuwa nahesabu.

Iliendelea hivyo miaka minne.

Siku niliyojua nilikwenda Himo kutafuta maharage, kwa sababu yale ya Moshi yalikuwa yamejaa wadudu. Ilikuwa asubuhi. Pale wanaposhusha mizigo palikuwa na lori kubwa lenye vumbi jekundu, si vumbi la huku, na dereva alikuwa anaeleza mtu kwamba amelala njiani siku mbili kutoka nyanda za juu kusini. Wanawake walikuwa wanachagua mikungu. Mmoja alikuwa ameinama, anahesabu kwa kidole kutoka juu hadi chini, moja, mbili, hadi saba. Akiona sita anausukuma kando. Nilimtambua kwa namna ya kuhesabu kabla sijamtambua kwa uso. Ilikuwa namna yangu.

Nikamwita. Mama Eliudi akageuka, akanitazama, wala hakushtuka.

"Karibu, Mama Zuhura. Umekuja kuhesabu na huku?"

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu uliponirudishia mikungu tisa."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Ukataka cheti."

Watu walikuwa wanapita katikati yetu na mizigo. Akaweka mkono kiunoni, akasema kwa sauti ileile ya kupatana, taratibu, kama mtu anayetaja bei ya mwisho.

"Nikuulize na mimi. Ningekuletea za chane tano, ungezichukua?"

Mnanijua. Sijawahi kukosa jibu sokoni.

"Nisingezichukua," nikasema.

"Basi nipishe, unaniziba njia."

Kama ningerudi nyumbani nikalala na maneno hayo, pengine leo ningekuwa naandika kitu kingine. Sikulala nayo. Nilirudi Moshi nikiwa na hasira ya mtu aliyepunjwa, na mtu aliyezoea kupunja akipunjwa huwa hana akili. Nilifikiria bango, wageni, koti jeupe, kilomita thelathini na kidogo. Nilijisikia mjinga mbele ya watu ambao hata hawakujua. Jumatatu, pikapu haijafika, nikaandika barua kumwondoa Mama Eliudi kwenye orodha ya wauzaji wetu kwa kosa la udanganyifu. Niliisoma mara mbili kabla ya kusaini. Mlinzi akaambiwa asimfungulie. Chuo kikampa kazi mzabuni mmoja mwenye malori, ambaye ndizi zake zinatoka kulekule ambako Mama Eliudi alikuwa anazipata, ila yeye ana mhuri.

Sasa mtaniambia alidanganya, na kweli alidanganya. Lakini fanyeni hesabu niliyochelewa kuifanya mimi. Habari zake nilizipata, nimechelewa miezi mitatu, kupitia mdomo wa Anasia, ambaye mumewe ni wa kule. Ile faida ndogo ya kununua kwenye lori na kutuletea sisi ndiyo aliyokuwa analipia vibarua wa kung'oa migomba migonjwa na kupanda miche. Alikuwa anakitibu kihamba. Upande wa juu, karibu na nyumba, miche ilikuwa imeshashika, na mwaka uliofuata alikuwa na nia ya kutuletea mikungu yake mwenyewe tena, na kurudisha ng'ombe aliokuwa amewauza. Nilipofunga geti, vibarua wakaondoka. Eliudi, mwanawe aliyeko Dar, ambaye kwa miaka alikuwa anamwambia mama auze ahamie kwake na mama anakataa, akapiga simu tena, na safari hii mama akanyamaza. Kule kwetu mama akinyamaza kwenye simu ya kuuza ardhi, madalali wanasikia hadi Himo.

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo kuomba kanuni ibadilishwe, tupokee mikungu ya chane tano kutoka mlimani. Alikuwa mtu mwenye adabu. Akanisikiliza, akauliza kama si mimi niliyeandika kwamba muuzaji huyo ni mdanganyifu. Akafungua faili akanionyesha saini yangu. Akasema pia mkataba wa mzabuni umeshakaa, na bango halisemi vya kwetu ni vya kilomita ngapi. Hilo la mwisho nadhani alitania.

Najua mnangoja niseme cha kufanya. Bebeni makapu yenu. Msimwage maganda. Kuleni mnafu ukiwapo. Mimi nilifanya hayo yote kila siku ya kazi, kwa uaminifu, na mtu akinipima kwa hayo nitapita. Na bado kitu chenyewe kilikufa mikononi mwangu, kwa sababu nilitaka mlima ulete kama kiwanda, saba, saba, na ulipoumwa nikaufungia geti. Ningekuwa na namna ya kuwaambia jinsi ya kukirudisha ningewaambia. Nimezunguka masoko tangu nistaafu. Nakwaruza ndizi kwa ukucha, utomvu ni maji matupu. Nauliza zimetoka wapi, wanasema mlimani, mama. Nakata kikonyo, moyo ni wa kahawia.

Wiki tatu kabla hamjaniaga, Anasia aliniambia hati zinaandikwa. Nikamuuliza kama nikienda na kilo za sukari na kanga nitapokelewa. Akaniambia sukari ni mambo yangu ya mjini. Kwao mtu aliyekosa hupeleka isale, lile jani refu la mmea unaopandwa mpakani, akiwa amelifunga fundo. Anayepelekewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama kosa ni la damu. Nikamuuliza kama na Mwislamu anaruhusiwa. Akasema isale haliulizi dini, ila lisinunuliwe, lichumwe.

Nikapanda mlimani. Sikuwa nimefika pale tangu miche ipandwe. Upande wa juu, kuzunguka nyumba, ilikuwa imesimama, mirefu kunizidi, majani mapana ya kijani bila njano hata moja. Nilihesabu mashina arobaini na moja. Nikarudia, yakawa arobaini na matatu. Upande wa chini kulikuwa kweupe kabisa, matofali yamepangwa, na pale mfongo ulipopita kuna mchanga. Kati ya mawe ya mpaka kulikuwa na masale machache yamebaki. Nikachuma moja, nikalifunga fundo nilivyoelekezwa, nikapanda hadi mlangoni nikabisha hodi.

Mama Eliudi alikuwa anafunga vyombo kwa magazeti. Alikuwa amepungua. Sikupatana, nadhani kwa mara ya kwanza maishani. Nilimwambia nimekosa getini na nimekosa kwenye barua, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Akakaa. Akalitazama jani.

"Umelichuma wapi?"

"Pale chini. Kwenye mpaka wako."

"Pale si pangu tangu Jumanne," akasema. "Wala hapa tulipokaa. Mnunuzi ameshalipia vyote, anajenga nyumba ya wageni. Hilo isale ni lake."

Nikataka kurudisha mikono, akaishika. Mikono yake ilikuwa na utomvu mkavu kwenye mistari ya viganja, kama ya Mzee Athumani.

"Nimekusamehe, Mama Zuhura. Isale halikataliwi, na kinyongo sina. Lakini si mali yangu kulipokea. Ukishuka, mpe mwenyewe."

Nikamuuliza ile migomba ya juu itakuwaje, ile arobaini na kitu. Akasema ramani ina maegesho ya magari. Akaniuliza kama nimekunywa chai. Tukanywa chai. Hatukuzungumza ndizi.

Nilishuka na lile jani. Chini palikuwa na mafundi watatu wameshaanza kung'oa masale ya mpakani kwa majembe, wanayarundika kando ya matofali ili wajenge ukuta. Nikauliza mwenye kiwanja yuko wapi, nina kitu chake. Mmoja wao, kijana mstaarabu, akanipa shikamoo, akatazama jani mkononi mwangu, akatazama rundo.

"Tupa tu hapo, mama," akasema. "Yote yanachomwa."